Emilie anamshonea mwingine nafasi yake

Jua bado halijakausha umande uani, mtaa wa Kabondo hapa Kisangani, na Emilie Bolamba ameshakaa mkekani, cherehani ya mkono mbele yake. Anashona gauni la kuigizia, kitenge cha buluu. Penye magoti anatia vipande vya blanketi kuukuu, tabaka juu ya tabaka.

"Hapa ndipo panachubuka kwanza," anasema.

Anapajua. Polio ilimlemaza miguu akiwa mtoto, na hutambaa kwa mikono na magoti. Kundi la maigizo la mtaa wao huchezea chini, uani, wazima na walemavu pamoja. Katika mchezo wao mmoja Emilie alikuwa mama anayetambaa hadi sokoni kumtafuta binti yake. Maneno mengi ya mchezo huo aliyatunga mwenyewe, na akina mama waliotazama walikuwa wakimjibu kwa machozi.

Kisha kundi la waigizaji wa kulipwa likaupenda mchezo huo, likaupeleka ukumbini mjini. Jukwaa la huko liko juu.

"Bavon na Jephté wa kundi letu walisema, sisi tutamubeba," anakumbuka. "Directeur, mukubwa wao, akasema, hapana mama. Watu watakuonea huruma, hawataona théâtre, mchezo wenyewe."

Nafasi akapewa Glodie, msichana mwenye miguu yake mizima. Emilie akapewa kushona.

Gauni la kwanza lilimharibikia. Alikata kwa kipimo chake mwenyewe, kama alivyozoea, na Glodie alipolivaa likamwishia mapajani.

"Yaya Emilie, hii umejishonea weye," akasema Glodie, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Eeh. Mukono haikusikia habari."

Glodie alicheka. Siku hizi huja kufundishwa kutambaa.

"Usivute na mabega, mwanangu. Utachoka mbele ya kufika soko."

"Magoti inauma, Yaya."

"Bon, pumzika. Weye unaweza kusimama."

Glodie amemwomba aje kumtazama siku ya kwanza ya maonyesho. Emilie anakata uzi kwa meno, polepole, kisha anasema hataenda. "Nitaangalia nini? Mimi najua mama yule anafika wapi."

Sasa anatunga mchezo mwingine. Ndani yake mama ameolewa, anagombana na wifi, anapika pondu, yaani kisamvu. Hatambai popote, watu ndio wanaomfuata kwake.

"Na huu watautaka, wale wa mjini, nawajua," anasema, akilikunjua gauni na kuupapasa mshono wa goti kwa kidole gumba. "Naomba Mungu tu, siku hiyo wabebe mchezo pamoja na mimi."