Pale Mkanda Unaporuka

Shemeji anakodisha mikanda ya video. Ukimwomba ya ngumi atakupa, lakini hutoki hivi hivi. "Beba na hii ya zamani," atakwambia. "Usiponishukuru, nitukane." Mimi nashona nguo kibanda cha pili, na kati yetu ni ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nayasikia yote hata nisipotaka. Anajua mkanda wa kumpa aliyefiwa, wa aliyeachwa, na wa mtu ambaye mama mkwe wake alikuja kusalimia akahamia.

Namwita shemeji kwa sababu marehemu mkewe alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Na kweli nilimzika, Mungu wangu.

Sasa kulikuwa na mkanda mmoja aliokuwa akimsukumia kila mtu. Tarishi mmoja anatafuta mwenye kifurushi, basi, hadithi yote ndiyo hiyo. Watu walikuwa wanarudisha huku wanapiga miayo. "Pale katikati mmepaonaje?" anawauliza. "Katikati wapi, mzee?" Hapo anapangusa rafu.

Katikati, tarishi anasimama barabarani, na nyuma yake anapita mwanamke. Kandambili inamkatikia. Anavua zote mbili, anageuka, anacheka mdomo wazi, pengo lote nje. Ndiye shoga yangu! Waliipiga ile picha ya tarishi mtaani kwetu, naye alikuwa ametoka kwangu kupimwa gauni. Picha zote za nyumbani kafumba mdomo, analionea aibu pengo lake. Kicheko chake kilibaki kwenye ule mkanda tu.

"Shemeji, mkanda wenyewe ni huo mmoja," nilimwambia. "Uweke kabatini."

"Nikimfungia kabatini, nani atamwona?"

Na kila jioni kabla ya kufunga alikuwa anapacheza pale, anarudisha nyuma, anapacheza tena. Nilikuwa naisikia deki inavyokoroma, nami nafunika cherehani yangu taratibu nisimsumbue.

Akaja kuukodi fundi redio, mgeni mtaani, kijana mpole. Kesho yake aliurudisha anatabasamu.

"Mzee, deki yangu iliula mkanda wako, lakini usijali. Pale katikati palikuwa pameshachakaa, sijui nani alikuwa anaparudia rudia. Nimekata, nimeunga. Hujapoteza kitu, ni watu wanapita njia tu."

Shemeji aliutia kwenye deki. Tarishi kasimama barabarani, picha ikaruka, tarishi anabisha mlango. Akarudisha nyuma. Tarishi, picha ikaruka, mlango.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umeunga vizuri."

Mimi adabu hiyo sina. Nilitoka na mkasi mkononi. "Kipande kiko wapi, we mwanaume?" Nikamkokota hadi kwake. Mkewe alikuwa ameshafagia, na takataka zimeshachomwa. Nilipomwambia yule kwenye picha ni nani, fundi alikaa kizingitini akashika kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana hadi apasuke, matusi yakanikauka. Nililia tu, mtu mzima mimi, mbele ya watoto wa watu.

Shemeji alifunga duka. Nilipeleka chakula, nikakikuta mlangoni vilevile. Nikajua hapa tutazika na wa pili.

Halafu asubuhi moja nikasikia kufuli linafunguliwa. Akaingia binti mmoja, anataka kitu cha kutazama na mama yake. Nilisimamisha cherehani.

"Chukua hii ya tarishi," shemeji alisema. "Akisimama barabarani, picha itaruka. Msidhani mkanda ni mbovu. Hapo mke wangu anapita. Kandambili imemkatikia, anacheka."

Binti aliugeuza mkanda mkononi. "Sasa tutamwonaje, baba?"

"Hamtamwona," alisema. "Ila alipita hapo."