Korongo wa Bibi na Mjusi wa Uani

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinichosha na korongo wake. Enzi za Mwingereza, pale kwetu Izigo, korongo wawili wenye taji walitaga kila mwaka kwenye nyasi za bondeni, chini ya kibanja chetu cha migomba. Akiwaona tu, jembe chini. "Tazama wanavyotembea! Watu wa heshima hao."

Mimi nilimpenda mjusi wa uani, mwenye kichwa cha buluu kama kanga mpya. Alikula nzi na siafu kutwa nzima. Lakini akitikisa kichwa, Bibi anaokota jiwe. "Ananidharau huyo!" Jamani, mjusi amdharau nani? Korongo walifukua maharage yetu kila tulipopanda, na hakuna aliyewapigia hata kelele.

Dada yangu alipochumbiwa, wakwe wakasema watakuja Jumapili. Kwetu mgeni hakalishwi kwenye udongo mtupu, sakafu hutandikwa nyasi mbichi. Za mlimani zilikuwa zimeungua, basi Bibi akatutuma bondeni, mimi na dada. Kiota kilikuwa katikati, na mayai mawili ndani.

"Atakayegusa kiota atanitambua!" Bibi alifoka. "Kateni pembeni, nyumba ya korongo muiache."

"Bibi, tukizimaliza zote, watajificha wapi?"

"Wewe wa mijusi unajua nini?"

Haya. Tulikata mpaka kikabaki kishungi kimoja, mayai yanaonekana toka njiani. Korongo walizunguka juu wakilia, wakatua mbali, hawakusogea tena. Asubuhi kunguru walikuwa wameshayapasua. Bibi alishuka akasimama pale, mundu mkononi. Nilikuwa na hasira hata salamu ikanishinda.

Korongo hawakurudi mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Siku hizi nasikia wasomi wanasema korongo wale wako hatarini kutoweka. Mijusi nao, waliorushiwa mawe maisha yao yote, wamejaa kila ukuta mpaka mtaa wa Miembeni, mjini. Sijui nicheke au nilie.

Lakini ile Jumapili wakwe walikuja, wakavua viatu, wakaketi. Mama mkwe wa dada akapapasa sakafu kwa kiganja, akamwuliza Bibi kwa heshima ya kwetu.

"Waitu, mama, nyasi laini hizi mmezipata wapi?"

Bibi alinigeukia nimjibie. Nikanyamaza makusudi. Ikabidi aseme mwenyewe.

"Bondeni," alisema. "Zilikuwa za korongo."