Bia Tano za Kijapani Katika Daftari la Jeans

Aibu hii nimeificha miezi mingi, lakini kwa kuwa Mama Furaha amekwisha kuisimulia Guangzhou nzima (tena kwa kuongeza chumvi!), afadhali mnisikie mimi mwenyewe, na mnisikie hadi mwisho, kwa sababu mimi si mlevi.

Mimi huonja. Kuna tofauti, nami nitawaeleza polepole. Kuna baa ndogo ya Mjapani huku Tianhe, ukifika Jumamosi mchana unaletewa ubao wenye glasi tano ndogo, kila glasi na bia yake iliyopikwa kidogokidogo na watu wanaoijua kazi yao, nawe unanusa, unafikiri, unameza kidogo, unaandika. Ni starehe ya kistaarabu kama kukusanya stempu. Sasa Jumamosi moja nilisahau daftari langu la bia, nikasema si neno, nitaandika nyuma ya daftari la kazi.

Jumatatu nikampeleka Mama Furaha kwenye karakana moja ya jeans kule Xintang. Ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, mama wa kanisa, na wakala wake wa kwanza, kabla yangu mimi, alikuwa mnywaji, akampakilia kontena zima la suruali mbovu. Ndiyo maana siku tulipojuana aliniuliza, "Papa, weye unakunywaka?" nami nikajibu, "Chai tu, Mama." (Najua. Msinitazame hivyo.)

Alikuwa amechagua sampuli tano, nami nilikuwa nimeziandikia maoni yangu kwenye daftari la kazi. Desturi ya pale, unamkabidhi laoban, yaani bosi, daftari lako, msaidizi wake anapiga picha maoni yako, simu inayatafsiri, na mafundi wanarekebisha kabla ya kukata kitambaa. Nikakabidhi, kisha nikamgeukia Mama Furaha nimfundishe kukagua zipu. "Shika hapa, vuta taratibu, usiogope, unaweza!"

Ghafla namwona laoban ananusa suruali namba tatu. Akampa msaidizi, naye akanusa. Fundi mwingine anapekua mifuko ya nyuma ya namba mbili kama askari wa forodha. Laoban, uso umemwiva, akaongea na simu yake, nayo ikatoa Kiswahili kwa sauti ya upole ya mwalimu wa chekechea, karakana nzima ikisikia: "Kwa nini unasema namba tatu inanuka samaki wa kukaushwa? Maganda ya machungwa nyuma ya namba mbili yako wapi?"

Jamani! Nani alimtuma yule msaidizi kufunua kurasa za nyuma? Nani? Nikapiga kelele, "Bu shi, bu shi! Siyo hizo!" lakini walikuwa wameshafika namba tano, ambayo niliiandikia, "Nzito hii, ukikaa nayo huwezi kusimama haraka." Fundi mmoja mnene akaivaa, akakaa, akasimama, prrra! Mshono wa nyuma ukaachia wote. Cherehani zikanyamaza, halafu vicheko.

Mama Furaha akachukua daftari, akasoma kwa sauti. "Namba moja, povu zuri, niongeze glasi. Povu? Papa Daudi, jeans inatokaka povu?"

"Mama, ni kuonja tu, glasi zenyewe kama vikombe vya kahawa..."

"Ni bière! Na uliniambia chai!"

"Ni ya Kijapani, Mama."

(Sijui kwa nini nilidhani hilo lingesaidia.)

Laoban alipoelewa, akacheka hadi akashika meza, akainua kikombe chake cha chai na kuniambia "Ganbei!", neno lao la kumaliza glasi. Mimi kazi inaniponyoka, yeye ananifanyia sherehe! Nikaanza kufoka, namlaumu msaidizi, nailaumu simu, hadi Mama Furaha akaniinulia kiganja ninyamaze. Akafunua kurasa za mbele, zile za jeans. Namba moja, nzuri. Mbili, nzuri. Tatu, nzuri. Nne, sawa. Tano, sawa. Akaitazama ile iliyopasuka.

"Njo maana walitafuta kwa kurasa za nyuma, huku mbele hakuna kitu," akasema taratibu. "Bière umenusa, umefikiria, umeandika yote. Jeans yangu mimi, 'sawa'?"

Hakunifukuza, alifanya vibaya zaidi: alinivalisha suruali moja baada ya nyingine juu ya bukta yangu, nikawa nachutama na kuinuka mbele ya mafundi wote, naye akiamuru, "Andika, papa. Andika kama bière."

Yule msaidizi bado nina hasira naye, na simu yake pia. Lakini siku hizi mteja mpya akiniuliza kama nakunywa, nasema ndiyo, Jumamosi, glasi tano ndogo. Na neno "sawa" sijaliandika tena kwenye daftari lolote.