Mabani Matano Yaliyohesabiwa Nyumba

Kazi yangu ni kutafuta njia yenye gharama ndogo kuliko zote. Nikisema hivyo watu wa Ruhuwiko, mtaa ninaokaa hapa Songea, hudhani mimi ni dalali, na wala siwalaumu. Mwenye nyumba wangu aliniuliza mara tatu ninafanya nini humo ndani na kompyuta mchana kutwa, na mara tatu nikamjibu kwamba napanga mahali pa kuweka nguzo za umeme na minara ya simu kwa kutumia hesabu. Mara ya tatu aliitikia, "Sawa, mzee," kwa sauti ambayo watu huitumia kwa wagonjwa. Hakuuliza tena.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Unapewa kijiji. Unaambiwa hapa patajengwa kituo kidogo cha sola, na mnara wa simu utakaotumia umeme huohuo. Tafuta waya upite wapi ili watu wengi wapate na gharama iwe ndogo. Kila nguzo inayowezekana ni swali la ndiyo au hapana. Ukiwa na nguzo mia tu, mipango inayowezekana ni mingi kuliko mtu anavyoweza kuijaribu hata angeishi mara elfu. Kwa hiyo programu haijaribu yote. Huigawa mipango katika matawi, hulipima tawi kwa mbali, na ikithibitisha kwamba huko hakuna kilicho bora kuliko ilichokwisha kupata, hulikata tawi zima bila kulitembelea. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na hatua hiyo bado hunifurahisha. Ni akili safi.

Nilihamia Songea baada ya mimi na mke wangu kuachana. Watoto hatukujaliwa, kwa hiyo tuligawana vyombo tu. Kazi yangu inahitaji intaneti na meza, basi. Mkuu wangu yuko Dar es Salaam nami namjua kwa sauti. Nilikuwa mpweke, nalisema bila kuzunguka. Mama wa mboga pale Msamala alinipa shikamoo na chenji. Kanisani walinipisha kwenye benchi, kisha wakaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na mimi. Watu walinifanyia adabu kila upande, na adabu ikizidi haina tofauti na ukuta. Nina miaka hamsini na sita, nina miwani, na uso wangu hata nikifurahi unaonekana umekasirika. Nawaelewa.

Kijiji ninachokizungumzia kiko nyuma ya milima ya Matogoro, upande wa kwenda Namtumbo. Programu nyingine, inayosoma picha za setilaiti, ilikuwa imeshahesabu mapaa yake. Yangu ilipomaliza kupanga waya, niliona tawi moja refu la waya linaloacha kijiji, linavuka bonde na kuishia kwenye mapaa matano ya bati yaliyokaa pamoja. Kanuni ya mradi ilisema tawi la namna hiyo lisijengwe kama mwisho wake una nyumba chini ya nne. Nyumba chache za mbali zipewe paneli ndogo ya sola, kila moja na yake. Hapa zilikuwa tano. Tawi likapita.

Ilibaki mtu aende akayaone mapaa hayo kwa macho. Kwa kawaida humtuma mtu. Safari hiyo nilienda mwenyewe kwa pikipiki, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na tangu Jumatano sikuwa nimeongea na mtu kwa mdomo.

Nilikuta mabani. Matano, ya matofali, marefu, meusi kwa moshi ndani, ya kukaushia tumbaku, na yote hayakuwa na kitu. Pembeni yake kulikuwa na nyumba moja ya nyasi ambayo setilaiti haikuiona kabisa. Mlangoni alikaa mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la suti na kaptula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Nakaa Ruhuwiko. Kwetu Iringa."

Akainua kichwa. "Mhehe?"

"Mhehe."

Akamgeukia mbwa wake aliyekuwa amelala kando ya ukuta. "We! Amka, kimbia! Mhehe kafika, na mchana huu hajala!"

Kwa wasiojua: Wangoni na Wahehe walipigana sana zamani, na mwisho wa vita hivyo ukawa utani. Mngoni anaweza kumtukana Mhehe mbele za watu, kumsingizia kula mbwa, kuchukua kitu chake na kuondoka nacho, na Mhehe hana ruhusa ya kukasirika. Na kinyume chake vilevile. Nilikuwa nimeishi Songea mwaka na nusu, nimezungukwa na watani, na hakuna hata mmoja aliyenitukana. Uso wangu uliwatisha.

Nikamwambia kwamba sisi angalau tulikula mbwa tukiwa tumesimama, si kama wao waliokimbia kutoka Afrika Kusini mpaka hapa bila kugeuka nyuma. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniita ndani nikala ugali na maharage, na muda wote mbwa alikuwa amefungiwa kwenye bani la tatu kwa usalama wake.

Aliishi peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wametawanyika, na tumbaku ameiacha kwa sababu kazi yake inataka mikono mingi. Mabani aliyaezeka bati wakati wa neema. Nyumba yake alisema ataiezeka mwakani, na alikiri kwamba husema hivyo kila mwaka. Alichokitaka kwenye umeme kilikuwa kimoja. Binti yake wa mwisho ameolewa Tunduru na hupiga simu kila jioni. Lakini simu ya mzee ilichajiwa kwenye duka la barabarani, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na magoti yake yalimruhusu mara moja kwa wiki. Siku nyingi ilikuwa imezimika. Safari moja binti alipoikosa wiki mbili mfululizo alilia, akaanza kuulizia nauli ya msiba.

"Hao wa umeme watafika huku?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa majivuno. Badala ya kusema tutaona, nilitoa simu nikamwonyesha ramani. Mstari mwekundu ulitoka kijijini, ukavuka bonde, ukaishia uani kwake. Nikamwambia hesabu imeona nyumba tano hapa.

"Tano!" Akatazama mabani. "Kwa hiyo tuko wengi."

Aliushika mstari ule kwa kidole, taratibu, akauliza nguzo itasimama wapi na nyingine wapi. Nikamjibu yote, hata ni hatua ngapi kutoka nguzo hadi nguzo.

Nilijua tangu dakika ile kwamba lazima nirekebishe. Tano zilikuwa moja. Sikurekebisha. Niliandika kwenye ripoti kwamba ukaguzi unaendelea, na Jumamosi iliyofuata nikaenda kukagua tena. Na iliyofuata. Nilikamata kuku wake nikaondoka naye bila kuomba, kama desturi inavyotaka. Naye alinivua sweta mwilini akisema ni mali ya vita. Nilirudi Ruhuwiko natetemeka kwa baridi ya Juni, nacheka peke yangu juu ya pikipiki. Kwa wiki saba nilikuwa na mahali pa kwenda. Nikipita Msamala nilijikuta napiga mluzi, na mama wa mboga alinitazama kwa wasiwasi.

Tatizo ni kwamba nguzo zina idadi: ukizipeleka huku, kule hazifiki. Nilipokuwa nakunywa chai kwa mtani wangu, upande wa pili wa kijiji kulikuwa na nyumba sita za nyasi ambazo setilaiti nazo haikuziona, zenye watu, watoto na mgonjwa mmoja. Nilizikuta kwenye ukaguzi. Programu haikujua, mimi nilijua. Mkuu wangu alipiga simu kuuliza ukaguzi gani huu usiokwisha. Jumatatu moja asubuhi nikaingiza ukweli wote: mabani matano nje, nyumba ya nyasi ndani, nyumba sita ndani. Nikabonyeza. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Tawi la bondeni lilikatwa, nguzo zake zikaenda kwa zile nyumba sita, na kwa mzee programu ikaandika paneli moja ndogo.

Nilikagua mara nne nikitafuta kosa. Jibu lilikuwa sahihi. Paneli ingetosha taa mbili na simu. Kama ningekuwa simjui mzee, ningelipitisha papo hapo. Na kama ungeniuliza mbele ya wataalamu, ningelitetea kwa fahari. Lakini mimi ndiye niliyemwonyesha mstari, kwa hiyo nilipaswa kwenda kumwambia haupo.

Nilienda siku hiyohiyo. Sikumtania nilipofika. Nilisimama uani nikasema, "Mzee, waya hautafika kwako. Nimesahihisha hesabu. Nyumba iliyopo ni moja, kwa hiyo tawi limekatwa."

Alinitazama kidogo, kisha akaangua kicheko. Alicheka huku anajipiga mapaja. "Mhehe wewe! Umechoma mafuta yote hayo uje kunitisha? Tangu lini Mhehe akasema kweli?"

"Nasema kweli, mzee. Ni paneli ndogo watakayokupa."

"Na mimi nasema kweli, mbwa nimemuuza kwa watu wa kwenu, yuko sufuriani sasa hivi." Akafuta machozi ya kicheko. "Waya umekatwa! Ingia ndani, mwongo mkubwa. Tangu juzi hujaniletea uongo wowote, nikadhani unaumwa."

Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kukataa chakula, kukaa kimya, kufanya chochote kile ambacho watu hufanya ili mwenzao ajue sasa si mchezo. Badala yake nikaona uso wake umefurahi hivyo, nikafikiria chumba changu cha Ruhuwiko, nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko yeye. Nikaingia ndani nikala, nikamwambia ugali wa Wangoni ni wa watu wanaokula huku wanakimbia. Nilipoondoka nilibeba na kuku.

Baada ya hapo sikuenda tena. Nilijiambia kazi ni nyingi. Mvua zikaja, njia ikaharibika, sababu zikapatikana bila shida. Nilijiambia pia kwamba nilikuwa nimesema, maneno yote, kwa Kiswahili fasaha, na kama hakusikia si juu yangu. Hoja hiyo ilinitosha mchana.

Mvua zilipokwisha, mafundi wakaenda kusimika nguzo. Msimamizi wao alinipigia siku ya pili, amekereka.

"Bosi, kuna mashimo huku yamechimbwa hayamo kwenye mchoro."

"Mashimo gani?"

"Ya nguzo. Yamenyooka kabisa, yametoka njia panda ya kijijini yanavuka bonde. Kuna mzee kayachimba mwenyewe. Anasema hakutaka vijana wapate tabu. Hatua zake ziko sawasawa, sijui kazipimaje. Nikamuuliza nani kakuelekeza, anasema mtani wake alimwonyesha." Akashusha sauti. "Tufanyeje? Yuko hapa kasimama na jembe."

Nilimwuliza yako mangapi. Akasema kumi na moja, la kumi na mbili anaendelea nalo. Nikasema hayamo kwenye mpango, waendelee na mchoro. Sikusema nipe nizungumze naye, ingawa alikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwenye simu. Nilisikia msimamizi anamwambia, "Mzee, hapana, kwako hapapiti," na nilisubiri kusikia kicheko. Sikukisikia.

Paneli yake ilifungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ilifungwa vizuri, niliwaagiza wanitumie picha, nikaikuza picha hiyo mara nyingi, lakini yeye hakuwemo. Wiki moja baadaye simu yangu ililia jioni, nikaona namba yake. Nilifunga kompyuta, nikapokea kama zamani.

"Mngoni! Bado hujakimbia?"



"Habari za kazi, mheshimiwa injinia," akasema. "Nimepiga kushukuru. Taa zinawaka. Binti yangu sasa ananipata kila siku."

"Mzee, ile siku..."

"Mmetusaidia sana, mheshimiwa. Mungu awabariki na ofisi yako."

Alizungumza polepole, kila neno likiwa mahali pake, kama anasoma risala. Nikamwuliza mbwa hajambo. Akajibu kwamba mbwa ni mzima, ahsante kwa kuuliza. Kisha akaniaga vizuri sana, akakata.

Nilikaa. Nje watoto wa mwenye nyumba walikuwa wanapita, wakanisalimia dirishani, shikamoo, shikamoo, mmoja baada ya mwingine, nami nikawaitikia wote.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia mimi. Nilikuwa nimejiandaa: nitamwomba radhi kwanza, bila utani, halafu kama atapenda atanitukana. Katika zile wiki saba, kila nilipompigia katikati ya wiki nilijibiwa kwamba namba haipatikani. Safari hii iliita. Iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena ikaita mpaka ikakatika, na nilipojaribu jioni iliita vilevile. Chaji ilikuwepo.