Kilichokuwa Kinagonga Chini ya Kitanda cha Mama

Mama yangu aliniambia kuna kitu kinamgongea chini ya kitanda.

Ningependa niwaambie kwamba nilicheka, nionekane mwanaume. Ukweli ni kuwa nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Kinagongaje, mama?"

"Kinagonga mara moja, kinanyamaza. Halafu kinagonga tena. Leo asubuhi kimegonga mara nne."

Mimi ni kinyozi. Siku nzima napitisha wembe kwenye shingo za watu na mkono hautikisiki. Lakini vitu visivyoonekana, jamani, sina ubavu navyo. Mke wangu analijua hilo, wateja wangu wanalijua, na mama ndiye aliyenizaa, kwa hiyo analijua kuliko wote.

"Ni panya," nikamwambia.

"Panya hagongi, mwanangu. Panya anakwaruza. Halafu hapa zamani baba yako..."

"Mama, ni panya!"

Akavuta shuka lake. Na mimi nikatoka haraka kabla panya hajagonga.

Sasa niwaeleze nyumba ilivyo. Chumba cha mama kiko nyuma kabisa. Marehemu baba alikijenga kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiwa bado natambaa. Bafu na choo viko ng'ambo ya uwanja. Mwaka jana mama alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukabaki mzito, na tangu hapo ameshaanguka mara mbili akienda bafuni. Mara ya pili mke wangu alimkuta amelala kwenye maji, anatetemeka, anaomba msamaha eti katusumbua.

Siku hiyo nililia. Nikasema basi, tunaongeza chumba chenye bafu ndani, kiungane na ukuta wa chumba chake.

Na nilitaka kufanya kihalali. Nina mteja mmoja aliyejenga bila kibali, wakaja na tingatinga, siku hizi sebule yake haina ukuta wa mbele. Kwa hiyo nilitafuta mchoraji, akapima, akachora. Nikabeba ramani mpaka ofisi ya ujenzi, nikapanga foleni, nikapewa fomu ya kurasa sita.

Ukurasa wa nne kulikuwa na swali: je, kwenye kiwanja kuna kisima, shimo la zamani la choo au handaki lililofunikwa?

Nyuma yangu mama mmoja alikuwa ananipumulia kisogoni. Nikatia tiki kwenye HAPANA. Sekunde mbili tu. Naomba mzikumbuke hizo sekunde mbili.

Kibali kikatoka, kina mhuri na kina masharti. Sharti la kwanza: msingi ukishachimbwa, zege lisimwagwe mpaka mkaguzi aje auone na atie saini. Chini yake namba ya simu ya mkaguzi.

Nikampa mama akitunze. Kwetu mama ndiye kabati la karatasi. Vyeti vya kuzaliwa, cheti chake cha ndoa, hadi risiti ya redio iliyokufa kabla sijaanza shule, vyote viko kwenye mfuko wa plastiki chini ya mto wake. Ukitaka karatasi unaomba, anakupa, na anasimama juu yako mpaka uirudishe.

Fundi niliyempata watu wanamwita Chapchap. Kibonge, mcheshi, na mikono yake haijui kupumzika. Kwa siku tatu alikuwa ameshachimba mtaro wote wa msingi kuzunguka ule ukuta wa mama.

Na kugonga kukazidi.

"Tangu mmeanza kuchimba hakilali," mama akaniambia. "Na sasa kikigonga kinadumbukia."

"Kinadumbukia wapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Niko juu, chenyewe kiko chini."

Mke wangu akanivuta pembeni. "Mpeleke mama hospitali akaangaliwe kichwa. Au angalia hicho chumba. Moja kati ya hayo."

Basi mchana mmoja mama yuko sebuleni anakula, akanituma fimbo yake. Nikaingia chumbani peke yangu. Jua linawaka, pazia liko wazi, watu wanapita barabarani wanaongea. Nikainama kuchukua fimbo.

Ku.

Nikaganda.

Kimya. Halafu chini, chini kabisa: chubwi.

Sijui nilipata wapi moyo, lakini nilipiga magoti nikaweka sikio kwenye sakafu. Saruji ilikuwa ya baridi. Nilisikia mapigo ya moyo wangu mwenyewe, halafu nikasikia tena. Ku.

Niseme nilichofikiria, mcheke mkitaka. Nilifikiria ni baba. Alifia kwenye chumba kile miaka minne iliyopita. Nikasema huyu mzee kakasirika, anauliza nani kampa ruhusa mtoto huyu kugusa ukuta wangu.

Nilitoka mbio. Fimbo niliiacha.

Mama akaniangalia ninavyohema. "Umesikia?"

"Nimesikiliza. Hakuna kitu, mama."

Nilimdanganya mchana kweupe, macho makavu. Yeye anaogopa, mimi naogopa, na nikamwacha aogope peke yake kwa sababu niliona aibu. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote mtakayosikia hapa.

Akasogeza sahani pembeni. "Sawa, baba," akasema.

Mama akiniita baba kwa sauti ile, huwa najua nimeshindwa. Ila sikujua nimeshindwa nini.

Jioni hiyo nikamfuata Chapchap nje, tukasimama karibu na dirisha la mama.

"Mkaguzi anakuja lini?"

"Alhamisi, bosi. Siku tatu tumekaa bure."

"Tunaweza kumaliza haraka? Nataka mama atoke hiki chumba. Sitaki alale humu tena."

Chapchap akatabasamu. "Kesho asubuhi namwaga zege. Alhamisi akija anakuta limekauka. Atafanyaje, atalitafuna? Atasaini tu."

Nikajua si sawa. Kibali kimeandikwa, mhuri upo. Lakini nilikuwa mwoga, na mwoga anataka jambo liishe tu. Nikasema, "Mwaga."

Asubuhi ile mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma uwanjani, Chapchap anamimina kokoto, mimi nimesimama na kikombe cha chai kisichonyweka. Geti likafunguliwa.

Akaingia mwanamke mrefu, viatu vya mvua, faili kwapani, mtaimbo begani.

"Zima hiyo mashine."

Chapchap akazima. Moyo wangu nao ukataka kuzima. Mkaguzi! Na leo ni Jumanne!

Nikajua kuna mtu kanichoma, kaenda kuniripoti. Nikatazama juu ya ukuta, jirani yangu alikuwa anaanika nguo. Tulipogonganisha macho akaangalia pembeni. Nikasema kumbe ni wewe. Nikamwekea nongwa papo hapo.

"Karibu, dada," nikasema. "Sisi hapa tulikuwa tunajaribu tu mashine."

"Naona mnavyojaribu." Hakutabasamu. "Nani anakaa chumba hiki?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko ndani. Amelala."

Kitu kilipita usoni kwake, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa namna nyingine kabisa. Akashuka kwenye mtaro, akaenda mpaka kona inayogusa ukuta wa mama, akapiga mtaimbo chini.

Pigo la kwanza, udongo. Pigo la pili, mlio ukawa mtupu, ule wa kugonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Pigo la tatu mtaimbo ukazama, ukamtoka mkononi, ukapotea mzima mzima.

Tukabaki watu watatu tunaangalia tundu la ukubwa wa ngumi.

Kutoka chini huko ikaja: chubwi.

Ule ule mlio! Baba hakuwa anagonga. Hakuna aliyekuwa anagonga. Kuna kitu kinaoza chini ya sakafu ya mama, kinamomonyoka kipande kwa kipande, kinadondokea kwenye maji, na mama yangu amelala juu yake.

"Mtoe," mkaguzi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ndiyo iliyonitisha. "Mtoeni sasa hivi. Aende mmoja tu, aliye mwepesi. Sakafu isibebe watu wawili wakubwa."

Nikamtazama Chapchap. Chapchap akatazama kitambi chake. Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni, ana mimba ya miezi saba.

Nilibaki mimi.

Nilifungua mlango wa chumba. Na nikakuta kitu cha ajabu. Mama hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la kutokea, viatu miguuni, mfuko wa karatasi mapajani. Kama mtu anayesubiri safari.

"Umechelewa," akaniambia.

"Mama, usisimame. Usifanye chochote."

Nililala kifudifudi nikajisogeza pembeni mwa ukuta, kama alivyonielekeza mkaguzi kutoka dirishani. Katikati ya sakafu kulikuwa na ufa ambao jana haukuwepo. Nikavuta shuka, nikalitandika chini, nikamwambia ateremke taratibu akalie. Mguu mbovu ukakwama. Nikaunyanyua kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi.

Ku. Ku. Ku.

"Kinagonga," mama akasema.

"Nasikia, mama."

"Sasa unasikia?"

"Hata jana nilisikia. Nisamehe, mama. Nilisikia nikakudanganya."

"Nivute kwanza. Kuomba msamaha utaomba nje."

Nikavuta. Sijawahi kuvuta kitu hivyo maishani. Jasho linaingia machoni, shuka linateleza, mama kaukumbatia mfuko wake hata hatikisiki. Tulipofika kizingitini mke wangu na mkaguzi wakamdaka mabegani wakamtoa.

Mguu wangu wa mwisho ulikuwa bado ndani nilipohisi sakafu inalegea.

Kitanda kiliinama upande mmoja polepole, godoro likateleza, mto ukafuata. Halafu katikati yote ikaenda. Mlio wake siwezi kuuandika. Vumbi lilipotulia pakawa na shimo jeusi, miguu ya kitanda inaelekea juu, na harufu.

Nilikaa chini uwanjani, nikatapika chai yote. Chapchap alikuwa ameshika kichwa, anarudia neno moja tu: "Alhamisi. Alhamisi."

Tulimpeleka mama kinyozini kwangu, barabara ya pili, tukamketisha kwenye kiti cha wateja. Mkaguzi akafungua faili.

Akatoa ramani kuukuu, imekuwa njano. Niliutambua mwandiko wa jina kabla sijasoma jina. Baba.

"Baba yako aliomba kibali cha kujenga kile chumba," akasema. "Alikubaliwa kwa sharti. Hapo palikuwa na shimo la choo la zamani. Alitakiwa alijaze mawe na udongo, likaguliwe, ndipo ajenge." Akaweka kidole chini ya karatasi. "Nafasi ya saini ya mkaguzi hii hapa. Iko wazi. Hakusubiri. Alitandika mbao, akamwaga saruji juu."

Kisha akatoa fomu yangu, ukurasa wa nne. "Na hii tiki ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulimuuliza nani?"

Mambo ya ujenzi niliuliza kila mtu. Nilimuuliza mchoraji, nilimuuliza fundi, niliwauliza wateja wenye nyumba zao. Mtu aliyelala juu ya shimo lile miaka yote, sikumuuliza.

"Aliniambia amelijaza," mama akasema polepole. Alikuwa anajitazama kwenye kioo changu. "Nilimwamini. Kugonga kulipoanza ndipo likanirudia kichwani, nikataka kukwambia ukanikatiza. Nikajua, kama nasikia maji basi hakujaza."

Nikataka kubadilisha mazungumzo, aibu ilinizidi. Nikasema, "Angalau yule jirani kanichoma kwa faida."

Mkaguzi akashangaa. "Jirani gani? Mimi nilipigiwa jana jioni na mama mtu mzima. Akaniambia chini ya kitanda chake kuna shimo lina maji, na mwanawe anataka kumwaga zege asubuhi kabla sijafika. Ndiyo maana nikaenda kulitafuta hili faili la zamani."

Nikageuka.

Mama alikuwa anarudisha kibali kwenye mfuko wa plastiki, anakikunja palepale pa mikunjo ya zamani. Namba ya simu alikuwa nayo chini ya mto siku zote. Nilimpa mwenyewe.

"Wewe hukutaka kunisikia," akasema. "Nikatafuta mwenye masikio."

Nililia mbele ya mkaguzi, mbele ya Chapchap, mbele ya mteja aliyekuwa amekuja kunyoa ndevu. Mama akaninyooshea kitambaa ninachowafunga wateja shingoni, nijifute.

Leo shimo limejazwa kweli, mawe na udongo, nimesimama nikihesabu ndoo. Chumba kimevunjwa kikajengwa upya pamoja na bafu, na kila hatua ina saini. Jirani nilimpelekea sabuni ya kufulia, hajui mpaka leo ni ya nini.

Wewe unayetaka kuongeza chumba, fuata kibali, subiri mkaguzi, usikubali fundi akuharakishe. Lakini kabla hujatia tiki kwenye fomu yoyote, rudi nyumbani ukamuulize anayelala humo. Na akikwambia anasikia kitu, na wewe umekisikia, kubali.

Juzi mama kaniambia kuna kitu darini. Nilizima mashine ya kunyolea, nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikapanda ngazi huku magoti yanagongana.

Walikuwa panya. Nilishuka nikamwambia, naye akaniuliza nimewaona wangapi.