Redio ya Shosho ilisoma majina baada ya mimi kukosea kamba

Wakuu, niaje. Kwanza mnisamehe spelling. Niliishia darasa la nane, na hii niliiandika kwa karatasi, mwandiko mbaya mpaka mimi mwenyewe nashindwa kuusoma. Sasa naitaipu hapa cyber kwa kidole kimoja. Lakini sijaongeza chumvi. Nilikuwepo.

Naishi Kabiria, hapa Nairobi. Si mtu wa maneno mengi. Kazi yangu ni kufufua redio za zamani, zile za transistor zenye kifuniko cha ngozi. Hakuna aliyenifundisha. Spea natoa kwa redio zilizokufa kabisa.

Jirani yetu, mama mzee tunayemwita Shosho Njeri, aliniletea yake. Alipewa na mwanawe Kamau, aliyekuwa akikata nyasi kwa boma moja Spring Valley. Tajiri aliitupa, Kamau akaiokota.

Jioni moja Kamau alitoka kazini na hakufika nyumbani. Mpaka leo.

Shosho alizunguka polisi, hospitali, mochari. Alipochoka, akabaki na njia moja: matangazo ya vifo, yale husomwa saa ya lunch. Redio za majirani ni FM, nyimbo tu; matangazo hayo hushikwa na redio ya zamani kama yake.

Aliniambia, "Wasipomsoma, bado yuko."

Halafu redio ikanyamaza. Sasa siku zinapita na hajui kama mwanawe amesomwa.

Nikaifungua. Kapasita zimevuja, kutu kwa betri, na ile kamba nyembamba inayovuta mshale wa stesheni imekatika. Nikakwangua kutu, nikabadilisha kapasita na kamba.

Hiyo kamba, wakuu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Inapita kwa vigurudumu vidogo. Ukiizungusha upande usiofaa, mshale unaenda kushoto na stesheni zenyewe zinaenda kulia. Nilikosea hapo, na sikujua.

Shosho hajui kusoma namba. Kamau alimkwaruzia alama kwa kioo cha redio akitumia msumari, mshale ukifika hapo ndio stesheni yake. Shosho akaja saa ya lunch, akaketi juu ya mkebe wa rangi, akazungusha mpaka kwa alama.

Kwanza ilikuwa kuvuma tu.

Halafu sauti ya mwanamke, anasoma majina. Polepole, bila muziki. Tulisikia hata karatasi ikigeuzwa. Majina mengi sikuyajua. Kisha akasema, "...na Kamau wa Njeri, Kabiria, na wote wanaomjua."

Ikazama.

Mnajua vile redio zetu husoma. Salamu husomwa hivyo, ziwafikie fulani na fulani. Kifo pia husomwa hivyo, wafahamishwe fulani na fulani. Sisi tulikuwa tumekosa mwanzo.

Shosho hakulia. Aliniuliza, "Kijana wangu, walikuwa wanamsalimia ama wanamlilia?"



Kesho yake niligundua kosa la kamba nikalirekebisha. Stesheni ya kawaida ikarudi kwa alama, safi kabisa. Nilizungusha mshale mwisho hadi mwisho nikimtafuta yule mwanamke. Hayuko. Shosho akasikiza matangazo ya vifo yote, Kamau hakusomwa.

Nilidhani atashukuru. Akazima, akaniangalia.

"Rudisha vile ulikuwa umekosea."

Nikarudisha. Sasa huja kila saa ya lunch, tunaketi na kusikiza kuvuma. Majina hayajarudi. Lakini kuna siku kuvuma kunakatika ghafla, kama mtu amefungua maikrofoni halafu akaketi bila kusema kitu. Unasikia chumba. Unasikia kiti.

Hapo Shosho huinamia spika na kusema kwa sauti ya chini, "Soma tena, mama."

Mimi huangalia chini.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla ya kutoa kamba ya zamani, chora vile ilikuwa imepita. Na mtu akikuletea redio, muulize anangoja kusikia nini.

Wale mnajua mambo ya redio, kuna stesheni husoma majina hivyo, bila muziki, saa ya lunch? Niandikieni, hata kama ni kunicheka.

Na wewe Kamau, kama uko kwa cyber mahali unasoma hii, andika hata neno moja. Nitamsomea mama yako.