Zimwi Kwenye Skrini ya Kimani

Vumbi likiungua juu ya televisheni ya zamani lina harufu yake, kama nywele zilizoguswa na pasi. Nikiinusa, ninarudi kwenye kibanda cha Kimani kule mtaa wa Landless, Thika, tulikocheza gemu Jumamosi.

Gemu niliyoipenda ilikuwa kuukuu, picha zake vijisanduku tu, na ilitokana na ile hadithi ya watoto ya zimwi. Msichana anaingia msituni kumtafuta dada yake aliyemezwa. Wavulana waliidharau kwa kukosa mpira na bunduki.

Jumamosi niliyomfikia zimwi kwa mara ya kwanza, mzee wa kanisa letu alisimama mlangoni. Akina mama wote walimwogopa.

"Zima hiyo," aliniambia. "Hayo ni mapepo."

Wenzangu walitoka mbio. Mimi sikuachilia kidude cha kuchezea. Mzee akatuma mama aitwe.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, gambuti zake za mpira bado miguuni, nami nikajua nimekwisha.

"Mama Nekesa, toa mtoto wako hapa," mzee alisema.

Mama aliinama, akaitazama skrini kwa muda. "Huyu si yule zimwi wa mama yangu?" Kisha akaketi kando yangu. "Mzee, hii hadithi nimelelewa nayo huko Bungoma. Na mama yangu alikuwa anasali kukushinda wewe."

"Tutaongea kanisani."

"Tutaongea. Lakini mtoto atamaliza." Akanigeukia. "Wachana na tumbo. Kata kidole chake kidogo. Watu hutokea hapo."

Nikakata. Watu wakamiminika kutoka kidoleni, wa mwisho akiwa dada, na mama akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia Thika.

Jumapili iliyofuata aliondolewa kwenye kwaya. Aliketi benchi la mbele, akaimba kuwashinda wote.

Kwa miaka mingi nilidhani alitetea gemu yangu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba tangu ahamie huku, aliambiwa kila kitu cha kwao ni giza: nyimbo, matanga, hata majina. Siku hiyo alikataa.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kubatizwa huko Ruiru. Waliponiuliza jina la Kikristo, nikasema Nasimiyu, jina la bibi yangu, mamake mama. Wakauliza tena. Nikarudia, nikasimama pale pale mpaka likaandikwa.